Nani Ashike Ufunguo wa Ghala?

Somo: Matendo ya Mitume 6:1-7



 Tunaomba kila mmoja afungue Biblia yake katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, asome mistari saba ya kwanza polepole, kwa sauti, pamoja na watu wa nyumba yake. Kisha arudi kwenye karatasi hii tuendelee pamoja.

Leo tunasema juu ya kazi moja ambayo inafanyika nyuma ya kanisa, mahali ambapo kipaza sauti hakifiki. Ni kazi ya kukusanya chakula, kukitunza na kukigawa kwa wenye njaa. Tunasema na wale wanaojitolea kwa kazi hiyo, na pia na wale wanaowatazama tu.

Sisi wote tumeona mwaka 2025 ulivyopita. Vita vilifika Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili. Mwezi wa 12 vikafika Uvira. Watu wakashuka kwa barabara ya kando ya ziwa, wengine kwa miguu, wengine kwa pikipiki, wengine kwa mitumbwi, na wengi wao wakaingia kwetu. Walilala shuleni, makanisani, na zaidi sana katika nyumba za watu ambao wao wenyewe hawakuwa na kitu. Mama aliyekuwa anapika bugali ya watoto wake sita akajikuta anapika ya watu kumi na wanne. Na katika mwaka huo huo serikali ya Marekani ilifunga shirika lake la misaada, USAID, na PAM ikapunguza chakula katika nchi nyingi kwa sababu fedha zilikosekana. Wageni waliongezeka, na magari ya msaada yakapungua.

Ndiyo maana katika makanisa yetu chumba kidogo kimegeuka kuwa ghala. Mama mmoja analeta kopo la unga wa mihogo. Mvuvi analeta ndagala zilizokaushwa. Mwenye shamba analeta maharagi, na mwenye mchikichi analeta nusu bidoni ya mawese. Na wako watu wanaokuja siku ya sita asubuhi bila kulipwa chochote. Wanachambua mawe katika maharagi, wanaanua unga kabla mvua haijanyesha, wanapanga magunia juu ya mbao ili unyevu wa chini usiyaharibu, wanafukuza panya, wanaandika majina. Hakuna perdiemu. Hakuna anayewapiga picha. Tunataka watu hao wajue leo jinsi Neno la Mungu linavyoiona kazi yao.

KWANZA: KAZI YA KUGAWA CHAKULA INATAKA MTU ALIYEJAZWA ROHO

Kati yetu Wapentekoste kuna mazoea ya kupanga kazi za kanisa kama ngazi. Juu kabisa tunamweka mhubiri, kisha mwombaji, kisha mwimbaji. Chini kabisa tunamweka yule anayefagia na yule anayepima unga. Tunafikiri kwamba mwenye karama anapewa kipaza sauti, na asiye na karama anapewa kopo.

Tazameni mstari wa 3. Mitume walipotaka watu wa kuhudumia meza, waliweka masharti matatu. Wawe watu wenye sifa njema. Wawe wamejaa Roho Mtakatifu. Wawe na hekima. Hawakuuliza kwanza nani ana nguvu za kubeba magunia. Na baada ya kuwachagua, waliwaombea na kuwawekea mikono, kama vile tunavyofanya tunapomweka mchungaji kazini.

Kwa nini Roho Mtakatifu anahitajika kwa kupima chakula? Kila aliyefanya kazi hii mwezi mmoja anajua jibu. Mtu anasimama mbele ya gunia, na nyumbani mtoto wake mwenyewe hajala. Shangazi yake yuko kwenye mstari, na nyuma ya shangazi yuko mtu aliyemtukana mwaka jana. Jirani ananong'ona, "Niongezee kidogo, sisi ni watu wa ukoo mmoja." Jua ni kali, watu wanasukumana, na unga hautatosha wote. Saa hiyo elimu haitoshi. Uvumilivu, upole, uaminifu na kiasi, ambavyo Paulo anaviita tunda la Roho katika Wagalatia 5, ndivyo vinavyomsaidia mtu huyo kushika kopo bila mkono kutetemeka.

Kumbukeni pia Agabo, katika Matendo 11. Alitabiri kwa Roho kwamba njaa itakuja, nayo ikaja siku za Kaisari Klaudio. Waumini wa Antiokia walifanya nini na unabii ule? Kila mmoja alitoa kadiri alivyoweza, wakawapelekea ndugu wa Yudea. Unabii ulizaa mchango. Basi tusitenganishe chumba cha maombi na chumba cha chakula. Ni Roho mmoja.

PILI: WALIOSAHAULIWA WALIPEWA UFUNGUO

Sasa tunafika mahali pagumu, na tunaomba mtusikilize kwa moyo wa kujifunza.

Kanisa la Yerusalemu halikuwa na shida ya chakula tu. Mstari wa 1 unasema kulikuwa na manung'uniko. Wajane wa upande mmoja walikuwa wanasahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Hawakuwa wajane wa upande wowote tu. Walikuwa wa wale waliosema Kiyunani, watu waliozaliwa mbali, wenye lugha nyingine na mazoea mengine. Wajane wa wenyeji, waliosema Kiebrania, walikuwa wanapata. Kanisa lilikuwa limejazwa Roho siku ya Pentekoste, na bado chakula kilikuwa kinafuata lugha.

Mitume walifanya nini? Hawakusema kwamba wanaonung'unika ni watu wa fitina. Hawakuwaambia wasubiri. Waliita mkutano wa wanafunzi wote na kuwaomba wachague watu saba. Someni majina katika mstari wa 5: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Majina yote saba ni ya Kiyunani. Walimu wengi wa Biblia wanaona hapa kwamba kanisa liliwachukua watu wa upande ule ule uliosahauliwa na kuwapa kazi ya kugawa. Na wa mwisho, Nikolao, hakuzaliwa hata Myahudi. Alikuwa mwongofu kutoka Antiokia. Wenyeji, ambao ndio waliokuwa wengi na wenye nguvu, walikubali kwamba mjane wao ale kutoka mkono wa mgeni.

Watu wa Fizi, mnaelewa tunakwenda wapi. Nchi hii yetu ina Wabembe, Wabuyu, Wabwari, Wazoba, Wafuliru, Wavira, Wanyindu, Wanyamulenge, na ndugu wa Burundi waliofika tangu mwaka 2015, wakati kambi ya Lusenda ilipofunguliwa. Damu imemwagika kati yetu. Hakuna kabila hapa lisilo na makaburi ya kulilia, na hatutasimama leo kupima kilio cha nani ni kikubwa. Lakini tunasema jambo moja mbele za Mungu: mtu anayefika kwenye mlango wa ghala la kanisa aulizwe kama amekula, asiulizwe kabila lake. Siku tutakapoanza na swali la kabila, chakula kile hakitakuwa tena sadaka. Kitakuwa silaha.

Wako watakaosema, "Mchungaji, ninyi hamjui walichotutenda." Tunajua, kwa sababu tunazika pamoja nanyi. Lakini mjane mwenye mtoto mgongoni hakuamuru vita. Na Paulo, katika Warumi 12:20, anatuagiza kumlisha hata adui akiwa na njaa. Kama adui analishwa, je, jirani ambaye kosa lake ni lugha ya mama yake?

Basi tunaomba kila kanisa litazame komite yake ya chakula. Je, wote ni wa ukoo mmoja? Wote ni wa avenyu moja? Wote ni wenyeji, na hakuna deplase hata mmoja? Kama ni hivyo, fanyeni kama mitume. Tafuteni kati ya wageni watu wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, muwape ufunguo. Mama aliyekimbia kutoka Uvira anajua nani kati ya wenzake ni mgonjwa na hawezi kuja kwenye mstari. Sisi hatumjui. Anajua pia nani amejiandikisha mara mbili. Kumpa kazi siyo kumfanyia huruma. Ni kuliponya ghala.

TATU: NURU INALINDA GHALA

Yohana 12:6 inatukumbusha kwamba mmoja wa wale Kumi na Wawili alishika mfuko akawa anaiba. Alikuwa karibu na Yesu kila siku. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba wimbo na maombi vinatosha kulinda gunia. Paulo, alipokuwa anasafirisha mchango, alitaka wengine wasafiri nao, ili mtu asipate la kulaumu. Hayo yako katika 2 Wakorintho 8:20-21. Na mchango wa Antiokia ulipelekwa na watu wawili, Barnaba na Sauli.

Kwa hiyo tufanye hivi:

Mlango uwe na kufuli mbili, na funguo zishikwe na watu wawili wasio wa nyumba moja.

Kila kinachoingia na kila kinachotoka kiandikwe katika daftari siku ile ile: tarehe, kilo au makopo, na sahihi mbili. Daftari lisomwe mbele ya kanisa mara moja kwa mwezi.

Kopo liwe moja kwa wote, na lijazwe namna moja kwa wote. Mithali 11:1 inasema wazi jinsi Mungu anavyoichukia mizani ya udanganyifu.

Wazee, wagonjwa na mama wajawazito wasisimame juani. Vijana wawapelekee nyumbani.

Chakula cha zamani kitoke kwanza. Unga uliooza haumheshimu Mungu, na unaleta kuhara mahali ambapo kipindupindu tayari kinatusumbua.

Mtu asipigwe picha akiwa na kopo mkononi. Yesu katika Mathayo 6 alitukataza kupiga tarumbeta tunapotoa.

Na wewe unayejitolea, ambaye nyumbani kwako pia kuna njaa, tunakuambia kwa upendo: jiandikishe kwenye orodha kama wengine, mchana, mbele ya watu. Hakuna aibu. Wengine watakukumbusha neno la ng'ombe asiyefungwa kinywa anapopura nafaka. Neno hilo ni kweli, na Paulo alilitumia mbele ya kanisa, akisema wazi watenda kazi wana haki gani. Basi kama kanisa likiamua kwamba wanaobeba magunia wale chakula cha mchana, wale, na iandikwe. Lakini kile kinachotoka usiku kwa mlango wa nyuma siyo haki ya ng'ombe. Ni wizi, na kinamwibia mjane.

NNE: TULIKUWA WAGENI SISI PIA

Kuna wanaosema, "Kazi hii ni ya PAM na mashirika makubwa. Sisi ni maskini, tutoe nini?"

Tunajibu kwanza kwamba ghala la maskini ni agizo la zamani kuliko mashirika yote. Kumbukumbu la Torati 14:28-29 inaagiza fungu la kumi la mwaka wa tatu liwekwe ndani ya malango ya mji, ili mgeni, yatima na mjane wale washibe. Huko Marekani, mtu mmoja, John van Hengel, aliyekuwa anajitolea katika jiko la kulisha maskini katika mji wa Phoenix, alianzisha mwaka 1967 nyumba ya kukusanya chakula ambacho kingetupwa, na wengi wanaihesabu kuwa benki ya kwanza ya chakula. Kanisa moja la mji ule lilimpa jengo la zamani la kuanzia. Leo nyumba za namna hiyo ziko katika nchi nyingi, na ndugu zetu wa Fizi waliohamia Marekani wanazijua. Lakini msingi wake uliwekwa tayari katika torati ya Musa.

Tunajibu pia kwamba makanisa ya Makedonia yalikuwa na umaskini mkubwa, na bado yaliomba yapewe nafasi ya kutoa. Someni 2 Wakorintho 8:1-5. Maskini hatoi gunia. Anatoa kopo. Makopo hamsini ni gunia.

Na jibu la mwisho liko ndani ya kumbukumbu yetu wenyewe. Mungu aliwaambia Waisraeli mara nyingi wampende mgeni, kwa sababu wao walikuwa wageni Misri. Sisi pia tuna Misri yetu. Mwaka 1996, na tena mwaka 1998, wangapi kati yetu walivuka ziwa hili usiku kwenda Kigoma? Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, na bado wako watu wetu huko. Wangapi walisimama kwenye mstari na kadi mkononi, wakingojea unga, maharagi, mafuta na chumvi? Kuanzia mwaka 2005 meli zilipoanza kuturudisha hapa bandarini Baraka, wengi walishuka na kifurushi kimoja tu.

Basi ninyi mliokula chakula cha kambi, mnajua vitu ambavyo havifundishwi shuleni. Mnajua tofauti ya kopo linalotupwa mbele yako na kopo linalotolewa kwa mikono miwili. Mnajua uchungu wa kuitwa kwa namba, na furaha ya kuitwa "mama" au "baba" na mtu asiyekujua. Ujuzi huo ni mali. Msiufiche. Uleteni kwenye ghala siku ya sita asubuhi.

MATUNDA YAKE

Tumalize na mstari wa 7. Baada ya shida ya chakula kutengenezwa kwa haki, Luka anasema Neno la Mungu lilienea, wanafunzi wakaongezeka sana Yerusalemu, na hata makuhani wengi wakaamini. Tunafanya mikutano ya injili, tunakodi mashini na vipaza sauti, na ni vizuri. Lakini kule Yerusalemu, watu waliona wajane wa lugha mbili wakila meza moja, na Neno likakimbia. Stefano, aliyewekwa kuhudumia meza, ndiye aliyekuwa shahidi wa kwanza kuuawa kwa ajili ya Kristo. Filipo, mwenzake, ndiye aliyepeleka injili Samaria, kwa watu ambao Wayahudi hawakushirikiana nao. Labda alijifunza kwenye meza ile kutomwogopa mtu wa kabila lingine.

Wapendwa, juma hili kila nyumba iweke pembeni kopo moja. Kila kanisa lisome daftari lake mbele ya watu. Na kila komite iite angalau mtu mmoja kati ya waliosahauliwa, impe kiti na ufunguo. Tukifanya hivyo, jirani zetu ambao hawajaingia kanisani watajua ni Roho gani anayekaa ndani yetu.

Tuombe:

Ee Bwana, wewe uliyelisha watu nyikani, wabariki wote wanaobeba, wanaochambua, wanaopima na wanaoandika. Safisha mikono yao. Linda nyumba zao wakati wako kazini mwako. Utuondolee macho yanayotafuta kabila kabla ya kuona njaa. Wape amani Fizi, Baraka, Uvira na Minembwe, na uwarudishe makwao wote waliokimbia. Mpaka siku hiyo, utufanye tuwapokee kama ulivyotupokea sisi. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.